Spidi ya intaneti nyumbani inapopanda na kushuka: namna ya kuisaka kelele kwenye laini

Asubuhi video inafunguka mara moja. Ikifika jioni ukurasa mmoja tu wa habari unasota, taa ya intaneti kwenye ruta inazima, inapepesa, kisha inarudi. Kesho yake mchana unampigia mtoa huduma, anapima kutoka kwake na kukuambia laini yako haina tatizo. Wala hadanganyi: saa hiyo kweli haina. Hitilafu inayokuja na kuondoka inasumbua kuliko iliyokaa moja kwa moja, kwa sababu kila fundi anapofika inakuwa imeshajiondokea.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi utakayoifanya hapa ni kuikamata hitilafu ikiwa kazini, na kujua imekaa kipande gani cha njia. Njia yenyewe ni ndefu: kifaa chako, Wi-Fi, ruta, nyaya za ndani ya nyumba, soketi ya kwanza, waya wa shaba wa nje hadi kwenye mtambo wa mtoa huduma, halafu mtandao wake na dunia nzima. Tutaikata vipande, kimoja baada ya kingine. Nimeandika hasa kwa mwenye laini ya simu ya shaba, yaani ADSL au VDSL (zote mbili ni DSL, intaneti inayopita kwenye waya wa simu), maana huko ndiko kelele, yaani mawimbi ya umeme yasiyotakiwa yanayoingia kwenye waya, inakoleta taabu zaidi. Wenye fiber na wengineo wana sehemu yao fupi kuelekea mwisho.

1. Zijue spidi mbili

Watu wengi hupima spidi kwa programu ya simu, wanaona namba ndogo, wanaanza kulaumu waya. Kumbe kuna spidi mbili tofauti.

Ya kwanza ni ile ambayo ruta yako na mtambo wa mtoa huduma wamekubaliana walipoungana. Nitaiita spidi ya laini. Unaiona kwenye ukurasa wa ruta wenyewe: fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ingiza neno la siri, kisha tafuta ukurasa wa hali ya DSL. Ya pili ni ile unayoipata ukipakua kitu. Hii ya pili lazima iwe ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Kwenye ADSL data husafirishwa katika vipande vya baiti 53, na baiti 5 za kila kipande ni za anwani tu, kabla hujahesabu mizigo mingine. Laini ikiwa imeungana kwa megabiti 10 na wewe unapakua kwa megabiti 8 na nusu, hapo hakuna kilichopotea. Kumbuka pia kwamba megabaiti moja ni megabiti 8. Programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti, na mkataba wako umeandikwa megabiti.

Sasa tazama zinavyokwenda pamoja. Spidi ya laini ikibaki palepale siku nzima huku ya kupakua ikianguka, waya wako wa shaba hauna hatia: tafuta kwenye Wi-Fi, kwenye matumizi ya nyumba, au kwenye msongamano wa mtoa huduma. Spidi ya laini yenyewe ikishuka, au ruta ikikatika na kuungana upya, hapo kuna kelele kwenye laini na hatua nyingi za hapa chini zinakuhusu. Kipimo hiki hakikugharimu kitu na kinakata tatizo katikati. Nakuomba usikiruke.

2. Fungua daftari

Kwa siku tatu, andika mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, saa moja baada ya jua kuzama, na usiku kabla ya kulala. Andika saa, spidi ya laini ya kupakua na ya kupakia, zile namba za ruta nitakazozieleza kwenye hatua ya nne, spidi uliyopima, na ruta imekaa muda gani bila kukatika. Pembeni weka neno moja la hali ya hewa, na lolote lililokuwa limewashwa: pasi, pampu ya maji, televisheni, taa za nje.

Najua inachosha. Lakini karatasi hii ndiyo itakayokuambia kama tatizo linafuata jua, mvua, kifaa au saa ya watu kurudi kazini, na ndiyo utakayomwonyesha fundi akikuambia laini iko sawa.

3. Iondoe Wi-Fi kwenye hesabu

Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi ya kompyuta, kisha ondoa vifaa vingine vyote. Pima mara tatu. Kama kwa kebo spidi inakaa vizuri na kwa Wi-Fi inayumba, umeshapata jibu na huhitaji kugusa waya wa simu.

Kwenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa utaratibu wa kawaida: 1, 6 na 11. Majirani wakiwa wengi mnagombania hizo hizo. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, ndiyo maana simu inakwama wakati chakula kinapashwa. Hamia gigahezi 5 kwa vifaa vilivyo karibu, toa ruta nyuma ya televisheni na kabati la chuma, iweke juu na mahali pa wazi.

Angalia pia kebo yenyewe. Waya mmoja ukikatika ndani ya plagi, muunganisho uliotakiwa kuwa wa megabiti 1,000 hushuka kimyakimya hadi 100, na mara nyingi hakuna taa itakayokuambia.

Kuna mwizi mwingine ambaye watu humsahau: kupakia. Laini ya ADSL ina nafasi ndogo sana ya kupakia, megabiti moja hivi. Simu moja ikianza kuhifadhi picha mtandaoni, inaijaza nafasi yote, na hata kupakua kunakwama kwa sababu kila unachopokea kinahitaji kujibiwa. Ukiona intaneti inakufa kila mtu fulani anapofika nyumbani na simu yake kushika Wi-Fi, usimfukuze mgeni. Zima tu uhifadhi wa picha kwenye simu hiyo upime tena. Ruta nyingine zina mpangilio wa kugawa zamu ya data. Ukiwa nao, weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya spidi ya laini na utaona tofauti.

4. Soma namba za ruta

Ukurasa wa hali ya DSL unatisha kwa wingi wa namba, lakini za kushika ni chache.

Ya kwanza huandikwa SNR Margin au Noise Margin, kwa desibeli (dB), kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi. Mimi naiita akiba: ni kiasi ambacho kelele inaweza kupanda kabla mawasiliano hayajavunjika. Ruta inapoungana hupima kelele iliyopo dakika hiyo, kisha huchagua spidi kubwa kabisa inayobakiza akiba iliyowekwa na mtoa huduma, kwa kawaida desibeli 6. Laini zenye historia ya kukatika huwekewa 9 au 12, kwa gharama ya spidi. Akiba ikishuka hadi 2 au 1, jiandae kukatika.

Namba hii ina siri ambayo ikikuingia, mengi yanafunguka. Tuseme jana saa mbili usiku kelele ilipanda, laini ikakatika, ikaungana upya kwa spidi ndogo ikiwa na akiba ya desibeli 6. Asubuhi kelele imeondoka. Spidi haipandi yenyewe kwenye mitambo mingi; kinachopanda ni akiba. Ukiamka ukakuta akiba ni 12 huku spidi ni ya kobe, laini yako inakuonyesha kelele ya jana usiku. Na ukiangalia muda ambao ruta imekaa bila kukatika, utajua hasa ilikuwa saa ngapi.

Kwa nini desibeli chache ziwe na uzito hivyo? DSL haitumii wimbi moja. Inagawa waya katika toni nyingi ndogo, kila moja upana wa kilohezi 4.3125. ADSL ya kwanza ina nafasi 256 za toni na hufika megahezi 1.1, ADSL2+ ina 512 na hufika megahezi 2.2. Kila toni hupiga mara 4,000 kwa sekunde, na kila pigo hubeba biti hadi 15 kutegemea ukimya uliopo. Kila kelele ikipanda desibeli 3, toni hupoteza biti moja hivi. Laini yenye toni 400 zinazofanya kazi itapoteza 400 mara 4,000, yaani megabiti 1.6 kwa sekunde. Kelele ikipanda desibeli 9, karibu megabiti 5 zimekwenda, na hakuna aliyegusa waya.

Namba ya pili ni Attenuation, upotevu wa nguvu njiani. Hii inatokana hasa na urefu wa waya, na kwenye ADSL kilomita moja hula desibeli 14 hivi. Ikiwa chini ya 30 una laini nzuri. Ikipita 55 usitarajie makubwa hata kila kitu kikiwa safi, kwa hiyo usijichoshe kutafuta megabiti 24 zilizoandikwa kwenye tangazo. VDSL nayo hung'ara kwenye waya mfupi. Ikishapita kilomita moja hivi faida yake inapungua sana. Upotevu ukibaki palepale siku zote, vizuri. Ukiruka kutoka 32 leo hadi 41 kesho, waya haukurefuka usiku: kuna maungio yaliyolegea au yaliyoshika kutu.

Ya tatu ni makosa. FEC ni makosa yaliyorekebishwa njiani, na kuwa nayo mengi si habari mbaya sana. CRC ni yale yaliyoshindikana. Kila moja ni data iliyoharibika na kulazimika kutumwa tena. Usitazame jumla yake, tazama inavyokua. Andika CRC, ngoja dakika 15, andika tena. Makosa yakija kwa mafungu, mamia ndani ya dakika moja kisha kimya, kuna kitu kinachowashwa na kuzimwa. Yakija taratibu bila kukoma, shuku maungio au filta, kile kijisanduku kinachotenganisha sauti ya simu na DSL.

5. Sikiliza kwa sikio lako

Hapa unahitaji simu ya mezani ya waya. Simu isiyo na waya ina mvumo wake yenyewe na itakudanganya. Ichomeke kwenye soketi ya kwanza, nyanyua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini ukate, kisha nyamaza usikilize kwa sekunde chache.

Laini isiyo na hitilafu huwa kimya kabisa. Mkwaruzo kama karatasi kavu inayokunjwa, hasa ukitikisa waya au upepo ukivuma, ni maungio mabovu. Mvumo mzito usiokoma mara nyingi ni waya mmoja wa jozi (laini ya simu ni nyaya mbili zinazokwenda pamoja) uliogusa unyevu au ardhi. Ukisikia mazungumzo ya watu wengine kwa mbali, nyaya za jozi tofauti zimegusana au maganda yake yameoza. Rudia jaribio hili baada ya mvua na uliandike.

Kimya cha sikio hakitoshi kuisafisha laini, maana sauti ya simu hutumia mawimbi ya chini ya kilohezi 3.4 wakati ADSL inaanzia juu ya kilohezi 25. Lakini sikio likisikia uchafu, uchafu upo bila shaka, na kwa watoa huduma wengi malalamiko ya kelele kwenye sauti hushughulikiwa haraka kuliko malalamiko ya spidi. Ukipiga simu, anza na kelele ya sauti.

Kuna dalili mbili za kukariri. Intaneti ikikatika kila simu inapolia au inapopokelewa, na filta ni nzima, karibu kila mara kuna maungio yenye kutu: umeme wa kengele, unaoweza kufika volti 90 hivi, ukipita pale unayatikisa. Hili lilinisumbua mimi kwa miezi. Tulikuwa tumebadilisha ruta mara mbili kabla fundi mmoja mtulivu hajafungua kikasha cha nje ukutani na kunionyesha skrubu mbili. Moja iling'aa. Ya pili ilikuwa imevimba unga wa kijani kama ukungu wa mkate, na waya ulipoguswa tu ukabaki mkononi mwake. Alikata sentimita mbili, akamenya upya, akabana. Ruta ile ile, laini ile ile, haikukatika tena.

Dalili ya pili inashangaza: simu imekufa kabisa, haina mlio, lakini intaneti ipo, polepole. Waya mmoja kati ya miwili umekatika. Sauti na umeme wa simu haviwezi kuruka pengo hilo, ila mawimbi ya juu ya DSL huruka kidogo. Usiseme "angalau intaneti ipo"; ripoti siku hiyo hiyo.

6. Rudi kwenye soketi ya kwanza

Hii ndiyo hatua inayotatua matatizo mengi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu inalazimu kuhamisha ruta.

Tafuta pale laini inapoingia nyumbani. Soketi nyingine zina kifuniko ambacho kikitolewa kuna tundu la majaribio nyuma yake, na kulitumia tundu hilo kunazikata nyaya zote za ndani kwa mpigo mmoja. Chomoa kila kitu nyumba nzima: simu zote, faksi, king'amuzi, mfumo wa king'ora ambao mwenye nyumba aliyepita aliuacha. Unganisha ruta peke yake, kwa filta mpya na waya mfupi. Iache hapo siku nzima, hata kama imekaa kwenye korido sakafuni, na andika namba.

Kama hali imetulia, adui yuko ndani ya nyumba, na unaweza kumtoa wewe mwenyewe. Rudisha vitu kimoja kimoja, ukikipa kila kimoja nusu siku. Hivi ndivyo vinavyokamatwa mara nyingi:

- Simu isiyo na filta, au filta iliyochakaa. Kila kifaa cha sauti lazima kiwe na filta yake, na ruta isipite kwenye tundu la simu la filta. Usiunganishe filta mbili mfululizo.
- Waya mrefu bapa unaopita chini ya zulia hadi chumba cha pili. Waya bapa haujasokotwa, kwa hiyo hudaka mawimbi kama antena. Ukitaka ruta iwe mbali, ni heri kuiacha soketini na kurefusha kebo ya mtandao, inayovumilia hadi mita 100.
- Soketi ya ziada isiyotumika. Waya unaoishia hewani unarudisha mwangwi na kuua baadhi ya toni. Ufungue kutoka kwenye soketi ya kwanza, usiuache ukining'inia.

Laini ya simu ina volti 50 hivi muda wote na zaidi ya hapo inapolia, kwa hiyo usishike shaba tupu kwa mikono mibichi. Wakati wa radi usiguse kabisa. Na chochote kilicho upande wa nje wa soketi ya kwanza ni cha mtoa huduma, usikifungue.

Kama hali haijabadilika hata kwenye soketi ya kwanza, nenda hatua inayofuata kabla hujamwita fundi.

7. Zunguka na redio ya betri

Redio ya zamani yenye masafa ya kati (MW au AM) ni kifaa bora cha kusaka kelele kuliko vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Masafa ya kati yanaanzia kilohezi 530 hivi hadi 1,600 na ushee, yaani yamo ndani kabisa ya eneo la ADSL. Kinachoikwaruza redio kinaikwaruza ruta pia.

Itoe plagi ya umeme, tumia betri. Tafuta mahali pasipo na kituo, karibu na kilohezi 600, ongeza sauti. Utasikia mvumo mwepesi wa hewa. Sasa tembea. Ukikaribia kitu kinachochafua, mvumo unageuka kuwa mlio mkali, wa kunguruma au wa kuwika. Ndani ya redio kuna kijiti cha sumaku kinachofanya kazi ya antena, nacho kinasikia upande wa ubavu. Ukiigeuza redio polepole hadi mlio upungue kabisa, ncha ya kijiti inaelekea kwenye chanzo. Fanya hivyo sehemu mbili za chumba na mistari itakutana mahali.

Ukiisikia kelele nyumba nzima, zima swichi kuu ya umeme. Ikinyamaza, chanzo ni chako: washa njia moja moja kwenye boksi la umeme hadi irudi, kisha chomoa kimoja kimoja kwenye njia hiyo. Isiponyamaza, inatoka nje, na mtoa huduma anapaswa kuambiwa kwa maneno hayo hayo.

Washukiwa wakuu ni adapta na chaja za bei ya chini, balbu za LED, swichi za kupunguza mwanga, inveta za sola, na mashine zenye mota kama cherehani. Usiiache nje adapta ya ruta yenyewe: adapta inayochoka hutoa kelele pale pale plagi ya DSL ilipo. Niliwahi kuzunguka chumba kizima na redio, nikashuku televisheni, nikashuku taa, na mwisho redio ikapiga kelele juu ya adapta ndogo ya spika iliyokuwa imechomekwa ukutani bila spika yoyote. Ilikuwa ya moto. Kuichomoa tu kuliongeza akiba kwa desibeli 4, na niliona namba ikipanda kwenye skrini.

Mwenye VDSL ana eneo pana zaidi, kwa kawaida hadi megahezi 17, kwa hiyo sikiliza pia masafa mafupi (SW). Na kama nyumbani unatumia vile vifaa vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme, vichomoe kwanza: vinatumia megahezi 2 na kuendelea, juu ya eneo lile lile la VDSL.

8. Ikiwa ni jioni tu

Jioni kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. Msongamano wa mtoa huduma hushusha spidi ya kupakua lakini hauigusi spidi ya laini wala akiba. Hapo hakuna waya wa kukaza. Lalamika kwa vipimo vyenye saa, vilivyopimwa kwa kebo.

Jingine ni la asili. Mchana, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi ya masafa ya kati linakuwa na nguvu. Jua likizama linafifia, na vituo vya redio vya mbali sana vinaanza kusikika. Waya wako wa simu, hasa unaopita juu kwenye nguzo, nao unavidaka. Akiba kupungua desibeli 2 au 3 usiku ni kawaida. Ikipungua 6 na zaidi kila siku jua likizama, jozi yako haina usawa: waya mmoja una maungio dhaifu kuliko mwenzake, ndiyo maana inadaka redio kirahisi hivyo. Hilo ni la fundi.

9. Usizimezime ruta

Baadhi ya watoa huduma wana mfumo unaoichunguza laini wenyewe. Mfumo huo ukiona laini inakatika mara nyingi, unahitimisha kwamba haijatulia, unaishusha spidi na kuiongezea akiba. Haujui kama ni kelele au ni wewe unayezima kila inapokwama. Ukilazimika kuunganisha upya baada ya kuondoa chanzo cha kelele, fanya mara moja tu, asubuhi au mchana laini ikiwa tulivu, halafu iache. Mfumo kuirudisha spidi juu huchukua siku kadhaa.

10. Kwa wenye fiber, kebo ya televisheni au laini ya simu ya mkononi

Fiber haisikii redio wala adapta. Huko tazama nguvu ya mwanga: kwenye GPON ya kawaida, aina ya fiber inayotumika sana majumbani, mapokezi yawe kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo nguvu inavyopungua). Ikikaribia -27, tafuta waya uliokunjwa kwa nguvu nyuma ya meza au plagi yenye vumbi. Kwenye kebo ya televisheni, kaza viunganishi kwa mkono na toa vigawanyio visivyo na kazi. Kila kigawanyio cha njia mbili hula desibeli 3.5 hivi. Kwa ruta ya laini ya simu ya mkononi, tazama RSRP, nguvu ya mawimbi yanayopokelewa kutoka mnarani, nayo kwa dBm: -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Ihamishie dirishani, pima, geuza, pima tena. Ikiwa mawimbi ni mazuri na jioni bado inakwama, mnara umejaa.

11. Siku ya fundi

Ukipiga simu usiseme tu kwamba intaneti iko polepole. Sema: "Laini imekatika mara saba tangu juzi, ruta iko kwenye soketi ya kwanza na filta mpya, akiba inashuka kutoka 8 hadi 1 jua likizama, na kwenye simu nasikia mkwaruzo." Mpokeaji hana tena sababu ya kukuambia uzime na kuwasha.

Omba fundi aje saa ambazo daftari linaonyesha matatizo. Akifika, mpe karatasi kabla hajafungua begi. Muulize kama amepima usawa wa jozi na ukinzani wa maganda ya waya, maana kupima kama mlio wa simu upo hakutoshi. Wengi wana kipimo kinachotuma mpigo kwenye waya na kusoma mwangwi wake, kisha kinataja hitilafu iko mita ngapi. Mwombe akuambie namba hiyo uiandike. Akikuta unyevu kwenye maungio, ayakate na kuyatengeneza upya. Asipopata kitu na wewe una ushahidi, mwombe akuhamishie jozi nyingine kwenye kebo ikiwa ipo.

Kabla hajaondoka, soma namba pamoja naye: spidi ya laini, akiba, upotevu, CRC. Ziandike kwenye ukurasa mpya na tarehe ya siku hiyo. Kisha usiguse ruta kwa siku kumi, na mvua ya kwanza ikinyesha, nyanyua ile simu ya waya usikilize tena.